Mjadala: Je, shule za Waarmenia wa ughaibuni ziache kufundisha Kiarmenia cha Magharibi?

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, kila yanapozungumzwa mambo ya Waarmenia wanaoishi nje ya Armenia husikika hoja kwamba shule zao za Beirut, Paris na Los Angeles zinapoteza muda kufundisha Kiarmenia cha Magharibi, ilhali tangu 1991 ipo Armenia huru yenye Kiarmenia chake cha Mashariki, chenye bunge, redio na vitabu vya kiada. Naipinga hoja hiyo kwa moyo wangu wote.

Katika karne ya 19 lugha hii ilisanifiwa kwa namna mbili. Kiarmenia cha Mashariki kilikulia upande wa Urusi, kikaegemea usemi wa eneo la Yerevan, mji mkuu wa Armenia ya leo, na cha Magharibi kilijengwa juu ya usemi wa Waarmenia wa Constantinople, mji mkuu wa Dola ya Osmania (Istanbul ya leo). Kwa maana ya "ninaandika", mtu wa Yerevan husema "grum em", na wa Beirut husema "gë krem". Hata majina ya watu hutofautiana, kwani Petros wa Yerevan huitwa Bedros kule Beirut, na Grigor huwa Krikor.

Tarehe 24 Aprili 1915 serikali ya Osmania ilianza kuwakamata wasomi wa Kiarmenia mjini Constantinople. Mshairi Daniel Varoujan aliuawa mwaka huohuo akiwa na umri wa miaka 31, na Krikor Zohrab, mwandishi, mwanasheria na mbunge, naye hakupona. Wakati huohuo watu wa vijijini walikuwa wakiswagwa kwa miguu kuelekea jangwa la Deir ez-Zor, katika Syria ya leo. Kwa hiyo Kiarmenia cha Magharibi kilipokonywa waandishi wake na ardhi yake kwa pamoja. Waliobaki kukibeba ni manusura na mayatima waliotawanyika Aleppo, Beirut na kwingineko, na wengi waliotoka Kilikia, kusini mwa Uturuki ya leo, walikuwa wakizungumza Kituruki peke yake. Kiarmenia walifundishwa katika vituo vya mayatima na katika shule zilizojengwa kando ya kambi za wakimbizi. Ndiyo maana sikubali kuambiwa leo kwamba mtoto asiyeisikia lugha nyumbani hawezi kuipata shuleni, kwa sababu sehemu kubwa ya jamii ya Beirut iliipata lugha yake kwa njia hiyohiyo.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, historia uliyoieleza ninaiheshimu, lakini mayatima wale walilala, walikula na kusoma mahali pamoja, wakaoana wao kwa wao na kujenga mtaa wao wa Bourj Hammoud, kando ya Beirut. Mtoto wa Marseille, Ufaransa, ana saa chache tu za Kiarmenia kwa wiki, na anapotoka darasani hakuna mahali anapoihitaji lugha hiyo. Mwaka 2010 UNESCO iliorodhesha Kiarmenia cha Magharibi miongoni mwa lugha zilizo hatarini nchini Uturuki, na dalili za hatari hiyo zimeonekana pia nje ya Uturuki. Shule ya Kiarmenia ya Melkonian ya Nicosia, Kupro, iliyofunguliwa 1926, ilifungwa 2005, na gazeti la Kiarmenia la Haratch la Paris lililoanza kutoka 1925 lilikoma 2009. Kisha vita vya Syria vikawatawanya watu wa Aleppo, na baadhi yao wakakimbilia Yerevan. Ikiwa nguvu za mtoto ni kidogo, ni haki azitumie kujifunza lugha atakayoikuta inaongozwa nayo nchi nzima.

Mchangiaji wa pili

Naomba tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya, yaani lugha na tahajia yake. Mwaka 1922 serikali ya Kisovieti ya Armenia ilibadili tahajia, na ingawa baadhi ya mabadiliko hayo yalirekebishwa 1940, jina la Yesu, Hisus, bado huandikwa Yerevan kwa herufi ya kwanza tofauti na ile ya zamani. Waarmenia wa ughaibuni waliikataa tahajia hiyo. Tazameni lakini Waarmenia wa Iran: wanazungumza Kiarmenia cha Mashariki na wanaandika kwa tahajia ya kale. Mapatano ya tahajia yanawezekana bila mtu yeyote kuacha usemi wake.

Mimi ni mtu wa Mombasa, na jambo hili linanigusa. Kiunguja kilipoteuliwa 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, Kimvita hakikufa, kwa kuwa wenyewe walibaki kwao wakiendelea kukisema. Kiarmenia cha Magharibi hakina kwao pa kubaki. Shule ndiyo iliyobaki kuwa mji wake, na kuifunga si sawa na kubadilisha mtaala.

Mleta mada

Nashukuru kwa mfano wa Iran, nami sina ugomvi na mapatano ya tahajia. Kuhusu kuitegemea Yerevan, ndugu mchangiaji wa kwanza, jaribio hilo limeshafanyika. Kati ya 1946 na 1948 Waarmenia wapatao 90,000 walihamia Armenia ya Kisovieti, wengi wao wakiwa wasemaji wa Kiarmenia cha Magharibi kutoka Lebanon, Syria, Ugiriki, Ufaransa na kwingineko. Watoto wao walisomeshwa kwa lugha ya Mashariki. Wenyeji waliwaita "aghpar", yaani "ndugu" kwa matamshi ya wageni hao wenyewe, na neno hilo jema likawa la dhihaka. Usemi wao haukupewa shule wala nafasi ya kukua.

Mchangiaji wa kwanza

Kwa hilo la 1946 nakubali, na sitasema kwamba Armenia ni kimbilio la lugha zote mbili. Lakini bado hujanijibu kuhusu saa za mtoto wa Marseille. Mayatima wako walikuwa na siku nzima, naye ana alasiri moja. Nionyeshe ratiba itakayomfikisha kusoma Varoujan bila kamusi, nami nitaacha kuitetea Yerevan.