Mtemvu na Congress yake: ubaguzi, au alikataa kudhalilishwa?

Wakuu, kuna mdau kasema Zuberi Mtemvu, yule mwana TANU aliyejitoa enzi za kudai uhuru wa Tanganyika, alikuwa mbaguzi tu na ndiyo maana chama chake kikafa. Napinga, ingawa sisemi Mtemvu alikuwa sahihi.

Turudi Tabora, Januari 1958. TANU inabishana: iingie uchaguzi wa kura tatu au isusie? Kwa waliosahau, mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Ukimpigia Mwafrika peke yake, kura yako imeharibika. Na hapo masharti ya kipato na elimu yameshamfungia nje mkulima wa kawaida. Sasa mtu akikataa kitu kama hicho, kosa lake nini?

Nyerere akashinda kwa hoja nzito: tukisusia, tunaiachia viti UTP (United Tanganyika Party), chama kilichozaliwa 1956 kwa baraka za Gavana Twining. Mtemvu akajitoa, akaanzisha African National Congress na msimamo wake wa Afrika kwa Waafrika tu.

Hilo neno "mbaguzi" ndilo linalonikera. TANU hiyohiyo haikupokea mwanachama asiye Mwafrika mpaka 1963! Jukwaani unamnadi mgombea Mzungu, kadi humpi. Mtemvu angalau lililokuwa moyoni alilitoa hadharani.

Haya, nikiri na upande wa pili. Kura tatu ile ile iliiua UTP, maana waliobebwa na TANU walizoa viti 1958 na 1959. Mwaka 1960 TANU ikachukua viti 70 kati ya 71, na hata huyo mmoja aliyebaki alikuwa mwana TANU aliyegombea kivyake. Ilipofika uchaguzi wa rais wa 1962, Nyerere alipata zaidi ya kura milioni 1.1, Mtemvu 21,276. Congress ilikuwa na wimbo mmoja, na bendera ya mkoloni iliposhuka wimbo ukachuja.

Mwaka 1963 Mtemvu akarudi TANU, mwaka uleule mlango ulipofunguliwa kwa Wazungu na Wahindi. Sijui alijisikiaje kupita hapo.

Ila wale 21,276 hawanitoki kichwani. Mwenye babu au bibi aliyempigia Mtemvu atuambie: alifuata msimamo wake, au alikuwa anamkataa Nyerere tu?