Chandarua cha mbu kuzibia ngiri: sayansi au dharau?

Mpiga Mbizi: Wakuu, salaam. Kuna utafiti wa Kamuli, Uganda, uliotoka New England Journal of Medicine mwaka 2016. Wanaume 302 wenye ngiri ya kinena, nusu wakawekewa wavu wa kiwandani wa kuimarisha palipolegea, nusu wavu uliokatwa kwenye kitambaa cha chandarua na kuuliwa vijidudu kwa mvuke. Baada ya mwaka, upande wa chandarua ngiri ilimrudia mtu mmoja, upande wa pili hakuna. Wakati huo wa kiwandani ulikuwa dola 125, wa chandarua kama dola 1. Sasa kwa nini huku kwetu wengi bado wanashonwa kwa uzi mtupu? Nawasilisha.

Kibwengo: Mzungu wavu wa kiwandani wa polipropilini, plastiki safi, Mwafrika chandarua. Kesho turubai.

Nesi wa Zamu: Kibwengo, kikombe cha nyonga bandia tangu enzi za daktari wa upasuaji Charnley kule Uingereza, 1962, ni polietilini, plastiki pia. Chandarua hicho nacho polietilini. Wazungu wanaitembelea kila siku, wewe unaona umetukanwa.

Fundi Plastiki: Polietilini siyo moja, sista. Ya nyonga ina minyororo ya molekuli mirefu kupindukia. Ya chandarua ni nyepesi, inaanza kulegea si mbali na nyuzi joto 121 za ule mvuke wa kuulia vijidudu. Na kiwanda cha vyandarua kikibadili malighafi hakimpigii simu daktari wa upasuaji. Mwaka mmoja wa kufuatilia hautoshi, wavu unakaa mwilini maisha yote.

Nesi wa Zamu: Sista nani? Mimi baba wa watu! Nesi lazima awe mwanamke? Ndiyo elimu yenu ya plastiki hiyo.

Kibwengo: 😂😂 Baba sista. Halafu tuache utani, ngiri ni ugonjwa wa watu wa Pwani. Wapunguze madafu kwanza, hata wavu hawatauhitaji.

Mwana Mikindani: Wewe Kibwengo koma. Madafu yamekukosea nini? Unachosema ni mabusha, nayo yanaletwa na minyoo inayosambazwa na mbu. Ngiri ni utumbo kupenya palipolegea kwenye ukuta wa tumbo, hata Sweden ipo, ndiyo maana Wasweden waliungana na Makerere kwenye utafiti huo. Babu yangu kanywa dafu kila asubuhi mpaka anazikwa, mzima.

Kibwengo: Mzima kwa nje. Ulimkagua?

Mwana Mikindani: Mods, mnamwona huyu?

Bi Shughuli: Mnagombana, na kingatiba ikija mnajificha chooni. Mume wangu kakataa vidonge vya matende na mabusha, ati vinamaliza nguvu. Nguvu zenyewe zipi?

Nesi wa Zamu: Mwambie ni ivermektini na albendazoli, dawa za minyoo. Hazigusi mambo hayo.

Kibwengo: Mjibu pia kuhusu nguvu zenyewe zipi.

Mpiga Mbizi: Wakuu, tunarudi kwenye wavu? Fundi, hoja yako ya malighafi haijajibiwa.

Fundi Plastiki: Haitajibiwa humu. Ila mtu asiende kukata chandarua cha kitandani akampelekea daktari. Zile Olyset, vyandarua vyenye dawa vilivyotengenezwa Arusha, zina permethrini, dawa ya kuua wadudu, ndani ya uzi wenyewe, huwezi kuifua ikaisha. Wa Kamuli hawakutumia chenye dawa. Tukitaka huu wavu, maabara zetu zipime kila shehena: inayeyuka kwa joto gani, uzi unavumilia mvuto kiasi gani. Mashine za kupima hivyo vyuo vikuu wanazo.

Nesi wa Zamu: Kwa dola 1 nitakubali hata leo. Mgonjwa wa wilayani hachagui kati ya dola 125 na dola 1, anachagua kati ya wavu na uzi.

Kibwengo: Kwa hiyo wewe ungewekewa?

Nesi wa Zamu: Ningewekewa.

Mwana Mikindani: Mimi sichangii neno mpaka mtu aombe radhi kuhusu madafu.