Tuliokula mchana wa Ramadhani kwa udhuru, tupeane uzoefu

Mwanzisha mada
Assalaam alaykum ndugu zangu. Kila Ramadhani tunahimizana kufunga, na ni jambo jema. Tunaowasahau ni waliokatazwa na daktari, wanaonyonyesha, walio safarini. Wengi wao wanakula kwa kujificha kama wezi. Lakini aya ile ile inayotuamrisha kufunga, Al-Baqara 185, inamruhusu mgonjwa na msafiri alipe siku nyingine, na inasema wazi kwamba Mwenyezi Mungu anatutakia mepesi wala hatutakii mazito. Naamini kuipokea ruhusa hiyo nako ni ibada. Nyinyi mliipokeaje?

Mtoto wa mgonjwa
Baba yangu ana kisukari cha siku nyingi, anachoma insulini. Alikuwa akifunga kila mwaka na hakuna aliyethubutu kumgusia. Alasiri moja tukamkuta anatetemeka, jasho linamtiririka, ukimuuliza hili anajibu lile. Kupima, sukari imeshuka vibaya. Bahati alikuwa bado anaweza kumeza, tukamnywesha maji ya sukari kidogo kidogo. Alipopata nafuu neno lake la kwanza lilikuwa, "Mmenifunguza?" Akalia.

Daktari alimkataza, lakini aliyemtuliza ni imamu. Alikuja nyumbani, akakaa naye, akamwambia: mzee, mwenye maradhi yasiyotarajiwa kupona amewekewa fidia, kulisha maskini mmoja kwa kila siku. Ukiitoa, umetekeleza lililo juu yako. Sasa baba anaipima mwenyewe, kibaba kibaba, hataki tumsaidie. (Mwenye mgonjwa nyumbani, nendeni kwa daktari tangu Shaaban, mwezi unaotangulia Ramadhani. Msingoje mwezi uandame ndipo muulize habari za dozi.)

Mama anyonyeshaye
Maziwa yalipungua, mtoto analia usiku kucha. Nikala. Maneno yakatoka kwa wanawake wenzangu: "Mbona sisi tulinyonyesha na tukafunga?" Anayeweza na afunge, ila asimpime mwenzake kwa mwili wake yeye. Kwenye kulipa, ulizeni kwa madhehebu yenu. Kwa Shafii, ukila kwa kumhofia mtoto tu, unalipa siku na fidia juu yake. Kwa Hanafi unalipa siku tu. Mimi nalipa Jumatatu na Alhamisi. Na aliyechelewa asikate tamaa: Bi Aisha (r.a.), mke wa Mtume, alikuwa na deni la saumu na hakuweza kulilipa ila Shaaban.

Msafiri
Langu fupi. Anas (r.a.) amesimulia kwamba walisafiri na Mtume (s.a.w.), aliyefunga hakumlaumu aliyekula, wala aliyekula hakumlaumu aliyefunga. Tangu niisikie hadithi hiyo, nikiwa njiani nakunywa maji yangu bila kuona haya.

Binti wa kwanza
Msisahau hedhi! Kwetu tulikuwa tunaamka kula daku hata siku hizo, ili baba na kaka wasijue. Mpaka mama alipotamka mbele ya wote: binti mwenye udhuru ale, asiulizwe. Bi Aisha amesema tuliamrishwa kulipa saumu, hatukuamrishwa kulipa swala. Sasa tuna kalenda nyuma ya mlango wa chumba chetu, kila mmoja anaandika siku zake, akilipa anafuta.

Mwanzisha mada
Hiyo ya kalenda naichukua, dada. Na wenye deni la miaka mingi, mlianzia wapi kulilipa? Karibuni.