Felti ya sindano: anayeanza anunue nini?

Muulizaji: Habari zenu wakuu. Nataka kuanza felti ya sindano, yaani kuchomachoma sufu kwa sindano mpaka ishikane, nitengeneze midoli ya wanyama, wadogo tu, sentimita 8 hadi 10. Mtandaoni nimeona seti ya rangi 36 na vikorokoro kibao. Nichukue hiyo au nichague kimoja kimoja?

Fundi Sufu: Achana na seti. Rangi 36 zinavutia macho, lakini kila moja huwa ni kishungi cha gramu chache. Kichwa cha kondoo hakijaisha, nyeupe imekwisha. Mnyama wa sentimita 10 anaweza kula gramu 20 hadi 30, na nyingi zinakaa tumboni zisikoonekana. Nunua gramu 100 za sufu ya kujazia, ya bei nafuu, halafu rangi nne, gramu 10 hadi 20 kila moja. Rangi za kati changanya mwenyewe: shika nyuzi za rangi mbili pamoja, zivute ziachane, zilaze juu ya nyingine, vuta tena mpaka michirizi ipotee.

Uliza pia sufu imeandaliwaje. Merino (sufu ya aina ya kondoo) iliyochanwa ikanyooka kama nywele za singa ni laini mno, ila nyuzi zimelala upande mmoja: inachelewa kushikana, na matundu ya sindano yanabaki yakionekana. Anza na iliyochambuliwa, ambayo nyuzi zake zimepishana kama pamba. Ile iliyotiwa dawa ili iingie kwenye mashine ya kufulia usiiguse. Magamba ya nyuzi zake, yanayozifanya zishikane, yameondolewa au kufunikwa, inateleza tu.

Sindano, namba ikiwa kubwa ndiyo nyembamba. 36 ya kuumbia, 38 ya kazi zote, 40 ya kulainisha juu. Chukua 38 tano na hizo nyingine mbili mbili.

Muulizaji: Asante sana mkuu. Mbona 38 tano?

Fundi Sufu: Zinakatika. Chuma chake kikavu, hakikubali kupinda. Ukichoma wima kisha ukachomoa mkono umeinama, imekwenda. Itoke kwa njia ileile iliyoingilia. Ncha ikibaki ndani, itafute mpaka uipate, hasa kama mdoli ni wa mtoto.

Mama Ushanga: Niongeze la sponji, ile ya kuweka chini ya kazi unapochoma. Kipande cha godoro gumu, unene wa sentimita 5, kinatosha kabisa. Kikiwa chembamba sindano inagonga meza na ncha inavunjika. Kila baada ya michomo ishirini hivi, inua kazi uigeuze, la sivyo sufu inajishona kwenye sponji, na ukiivuta inatoka na chembe za njano ambazo kuziondoa ni kazi ya kibano, moja moja. Sufu inayobaki ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa kabla nondo hajataga humo, maana mabuu yake yanakula sufu.