Mhasibu kabeba kiroba cha viazi begani, kosa liko wapi? Wa Mbeya mnanichosha

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira tangu jana jioni, mtakaokutana na maneno makali mnivumilie. Kufungua uzi si kawaida yangu, mimi humu ni msomaji na mpita njia. Lakini jana nimeitwa mkono wa birika mbele ya watu mia na themanini, na aliyeniita hivyo namdai elfu thelathini tangu Februari.

Kisa chenyewe. Kuna harusi ya mdogo wake mfanyakazi mwenzangu. Nikaingizwa kwenye kundi la WhatsApp bila kuulizwa, hilo tumeshazoea. Wiki ya kwanza ikapandishwa orodha: namba, jina, ahadi, alicholipa. Namba 23 ni mimi, mbele ya jina 200,000. Sijaahidi chochote kwa mtu yeyote. Nikamfuata mwekahazina pembeni, shemeji, hii laki mbili imetoka wapi? Akanijibu: "Shem, kamati ilikaa ikaangalia hadhi ya mtu. Wewe ni mhasibu bwana, usituangushe."

Hadhi ya mtu! Kamati imekaa, imekunywa soda za michango ya watu, imenipangia hadhi.

Nikatuma elfu hamsini. Ndiyo iliyokuwepo, na kwa bwana harusi niliyemwona mara mbili maisha yangu yote naona inatosha. Waliomaliza ahadi wakawekewa tiki ya kijani. Mimi nikawekewa 50,000/200,000 na kialama cha saa ya mchanga. Wiki tatu ile saa ya mchanga inanikodolea macho kila nikifungua simu.

Jana sasa. Nimetoka kazini nikapitia soko la Mwanjelwa, nikachukua sado tatu za viazi, nikafungasha kwenye kiroba, nikatupia begani, nikaanza kutembea kurudi Ilomba. Vumbi, malori ya Tunduma yananipita, bajaji zinanipigia honi. Ikapita gari, ikapunguza mwendo, ikaenda zake. Sikuitilia maanani. Nafika nyumbani, mama Lusajo ananipokea kiroba huku hanitazami usoni. "Baba Lusajo, umeliona kundi?" Nafungua. Picha yangu kwa nyuma, shati la kazini limejaa udongo wa viazi, na chini mwenyekiti wa kamati kaandika: "Mheshimiwa mhasibu mkono wa birika anabana hadi nauli ya bajaji, laki na nusu yetu tusahau." Vicheko vinne vitano vikafuatia, halafu vikawa thelathini. Kuna mmoja kaandika "hizo hela anamwekea nani?" Huyo nimesoma naye.

Sasa nawajibu hapa, maana kule nikijibu nitatukana watu na mke wangu ana ndugu mle ndani.

Mshahara wangu wa msingi ni milioni moja. Naona aibu kuutaja, ila naona aibu zaidi kupangiwa hadhi na watu wasioujua. Kwenye hiyo milioni, mfuko wa pensheni 5%, yaani 50,000. Kodi inapigwa kwenye 950,000 inayobaki: 270,000 za mwanzo hazikatwi, 250,000 zinazofuata 8%, 240,000 za juu yake 20%, halafu 190,000 za mwisho 25%. Jumla 115,500. Bima ya afya 3%, 30,000. Chama cha wafanyakazi 2%, 20,000. Mkopo wa chuo 15%, 150,000. Mkopo wa chuo sina ugomvi nao, nilisoma kwa hela hiyo, acha niilipe, na tangu 2021 walipoifuta ile 6% ya kutunza thamani angalau naliona deni linapungua. Zinabaki 634,500. Hapo toa 140,000 za SACCOS nilizokopea kiwanja na bati. Kinachofika mkononi ni 494,500.

Gawa kwa siku thelathini. Gawa kwa watu watano. Ni 3,300 hivi kwa kichwa kwa siku, na humo ndimo kuna chakula, mkaa, gesi, LUKU pamoja na ile 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa kila mwezi, maji, sare, daftari, na mwanangu wa pili ambaye kila Juni kifua kinabana. Mama Lusajo anauza mitumba ya watoto pale soko la Sido. Mwezi mzuri anatuvusha, mwezi mbaya anakula mtaji.

Halafu mnaniambia "lakini wewe upo kwenye hela". Nipo kwenye hela kama konda alivyo kwenye nauli. Anazishika kutwa nzima, jioni anapeleka hesabu kwa tajiri, anarudi nyumbani na ya vitumbua. Pale ofisini nasaini malipo ya mamilioni ya watu wengine halafu nakaa kuangalia kama jioni nipande daladala au nitembee. Na heri yangu ni hapo hapo, kwamba natembea. Siku mhasibu akianza kupanda vitu visivyolingana na mshahara wake, ninyi ninyi ndio mtauliza kazitoa wapi.

Kinachonichoma ni hili neno "tabaka la kati", kila mtu analitamka kama jina la mtaa wa vigogo. Mwaka 2011 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilitoa hesabu zake ikasema wa tabaka la kati Afrika ni anayetumia kati ya dola 2 na dola 20 kwa siku. Dola mbili, wakuu, na ni dola za kulinganisha bei, si hizi za kwenye duka la kubadilishia fedha. Wenyewe wakakubali kwamba wengi wa hao wako kati ya dola 2 na 4, kundi linaloelea. Basi mimi ndiye huyo anayeelea. Na nchi yenyewe ilipotangazwa kuingia uchumi wa kati Julai 1, 2020, pato la mtu kwa mwaka lilihesabiwa dola 1,080 na mstari ulikuwa dola 1,036. Tulivuka kwa dola 44. Hiyo hali ya kuvuka mstari kwa dola 44 naijua vizuri, ndiyo ninayoishi: ukikohoa tu umerudi ng'ambo.

Mtu anayeelea akitikisika hazami peke yake. Mama mdogo yuko Tukuyu. Msimu ukikaa vizuri anapakia mkungu wa ndizi na maparachichi kwenye Coaster, hadai hata nauli ya mzigo. Msimu wa kupanda viazi ukifika anapiga simu: "Mwanangu, mbolea ya ruzuku imekuja, nimeshajiandikisha, nimepungukiwa kidogo. Ukituma weka na ya kutolea." Namtumia, na ya kutolea naweka. Huyo sijawahi kumnung'unikia, maana ananijua nilivyo na ananiomba kwa kadiri. Wa kuniangalia kola ya shati akanikadiria laki mbili ndio siwawezi.

Hata sokoni ni hivyo hivyo. Jana pale kwenye viazi, mama aliyenitangulia kavaa kitenge na kandambili, sado kauziwa 2,500. Nafika mimi na kitambulisho cha kazi kimening'inia shingoni, nimesahau kukivua: "Bosi, elfu tatu na mia tano, hivi ni vya Uyole, mbegu nyekundu." Viazi ni vile vile, kutoka rundo lile lile, naviona kwa macho. Nikakitia kitambulisho mfukoni, nikazunguka meza tatu, nikarudi. Yule kijana akacheka, nami nikacheka, akanipa kwa elfu mbili na mia nane na kilemba juu. Kilemba chenyewe kilikuwa viazi vidogo vitano, kimoja kimeota. Sado tatu nimeokoa 2,100, bajaji 1,000. Kwangu hiyo ni mboga ya jioni mbili, na hesabu hizo hata sizifanyi kwa karatasi, zinajifanya zenyewe kichwani nikiwa natembea.

Najua mtasema "mbona una gari". Ninalo, Vitz, lipo chini ya turubai tangu mwaka juzi. Nililinunua kipindi nami nilikuwa najimwambafai. Linatoka Jumapili kwenda kanisani na usiku mtoto akibanwa kifua. Basi. Lisipotoka mnasema nabana, likitoka mnaomba lifti. Na nyumba "ninayo" pia: tofali za kuchoma, vyumba vinne, plasta bado. Vyumba viwili vina madirisha, humo wanalala watoto. Viwili nimeziba kwa nailoni na mabanzi, kimojawapo tunalala sisi. Wa Dar hamjui baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita. Upepo ukishuka kutoka mlima Loleza ile nailoni inapiga usiku kucha, pa, pa, pa, mpaka unaamka kuangalia kama kuna mtu anagonga.

Nimwongelee kidogo aliyenipiga picha, huyo huyo mwenyekiti wa kamati. Yeye ana tiki ya kijani, laki mbili yake kamaliza wiki ya kwanza, akapigiwa makofi ya vikatuni. Wanajua ilikotoka? Mkopo wa kausha damu. Kadi yake ya benki haipo mfukoni mwake, ipo kwenye droo ya mkopeshaji pamoja na namba ya siri, na mwisho wa mwezi mkopeshaji ndiye anayekwenda kwenye mashine kumtolea mshahara, anachukua chake, anambakishia nauli. Najua kwa sababu zile elfu thelathini alinikopa Februari ili anunue unga, akanieleza yote huku machozi yanamlengalenga. Sikumwambia mtu. Hata hapa simtaji jina. Ila jamani, mtu ananikopa hela ya unga, halafu ananipiga picha nimebeba viazi?

Mzee wangu alikuwa TAZARA, aliingia reli ikiwa mpya kabisa miaka ya sabini. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati wa kufunga mkanda, sukari na sabuni ni foleni kwenye duka la kaya, alikuwa anakata mche wa sabuni kwa uzi. Sio kisu. Kisu kinamega, chembe zinaanguka, na chembe ni sabuni. Anazungusha uzi kwenye mche, anavuta ncha mbili taratibu mpaka zinakutana katikati, vipande sita sawasawa, anavianika juu ya kabati vikauke visiishe haraka. Hakuna jirani aliyemcheka. Walikuja kuazima uzi. Mshahara ulikuwa mdogo kwa wote na kila mtu alikuwa anajua cha mwenzake, kwa hiyo hapakuwa na cha kuficha. Mimi leo nikikata sabuni kwa uzi nafunga pazia kwanza.

Na ninyi wahamasishaji wa mitandaoni mnaotuambia tuache soda na chipsi tutajenga ghorofa, tuweke akiba 20% ya mshahara. Soda niliacha. Chipsi viazi vyenyewe ndivyo hivi begani. Hiyo 20% naomba mniambie naitoa kwenye mstari gani wa hesabu niliyoweka hapo juu, maana nimeipitia mara mbili, na hiyo ndiyo kazi ninayolipwa kuifanya.

NYONGEZA, saa 4 usiku: Nimeona majibu yenu. Mnaosema niuze Vitz, nimeshapata wateja wawili, wote wanataka kulipa kidogo kidogo, wa tabaka la kati wenzangu hao. Mnaosema nimwage siri ya mwenyekiti kule kwenye kundi, hapana, ana watoto. Nimemtumia meseji moja tu ya kumkumbusha elfu thelathini, ameisoma, hajajibu, ila ile picha kaifuta. Anayeuliza kama harusini nitakwenda: nitakwenda. Hiyo hamsini ni kadi ya singo, mama Lusajo kasema niende mimi, yeye ana minada ya mitumba Jumamosi hiyo. Nitakula, nitacheza, zawadi sipeleki.

Halafu kama kuna fundi alumini wa hapa Mbeya mwenye bei ya kibinadamu, madirisha mawili ya futi nne kwa nne, anitumie ujumbe. Mei inaisha.