Holsta ya kubeba bastola kwa siri: ipi inastarehesha na kuvuliwa kwa urahisi?

Mkaazi wa Nyali

Hamjambo nyote. Nina Glock 19 kwa leseni halali, na kazi yangu hunipeleka bandarini, benki na mahakamani, mahali ambapo nalazimika kuikabidhi silaha langoni na kuichukua tena ninapotoka. Kwa joto la Mombasa koti halivaliki, kwa hiyo kinachoificha bastola ni shati jepesi lisilochomekwa.

Nimepata nafasi ya kuvaa aina tatu. Ya kwanza hukaa nje ya suruali na ina bamba pana linaloteleza ndani ya kiuno, hivyo huvaliwa bila kufungua mshipi. Hiyo ndiyo inayonistarehesha zaidi nikiwa garini, lakini mpini wa bastola hutuna chini ya shati kila ninapoinama. Ya pili ni ya plastiki ngumu ya Kydex, hukaa ndani ya suruali na hushikwa na klipu moja. Ya tatu ni mkanda mpana wa kitambaa unaozungushwa tumboni. Naomba mnilinganishie kwa mambo mawili yanayonisumbua kila siku, yaani starehe na wepesi wa kuvua.

Mwalimu wa Shabaha

Ndugu yangu, nianze na kuvua, maana hapo ndipo ajali nyingi huzaliwa. Wapo wanaochomoa bastola na kuiacha holsta kiunoni, kisha wakitoka huirudisha bastola kwa haraka huku wakizungumza na mlinzi. Wakati huo kifyatulio kiko wazi, na ncha ya shati, kamba ya jaketi au kidole kilichosahauliwa kinaweza kuingia mle. Glock haina kizuizi cha usalama cha kusukumwa kwa kidole gumba. Kinga zake zote huachia kifyatulio kinapovutwa, na kwake ni mamoja kama kinavutwa na kidole au na kitambaa. Kwa hiyo holsta ninayoiita ya kuvulika ni ile inayotoka kiunoni pamoja na bastola, kikingio cha kifyatulio, yaani pete inayokizunguka, kikiwa kimefunikwa chote tangu mwanzo hadi mwisho. Pale ambapo utaratibu wa langoni unataka bastola itolewe risasi, holsta ivuliwe kwanza, ndipo bastola ichomolewe mbele ya mlinzi ikielekezwa mahali salama.

Kwa kipimo hicho, mkanda wa kitambaa mtupu unaanguka mapema. Unaficha vizuri na hauumizi, lakini kitambaa hubonyezeka, kwa hiyo kifyatulio kinaweza kuguswa kwa nje, na mfuko wake hujifumba bastola ikishatoka. Wanaodhani kiuno cha suruali kinatosha wakumbuke kisa cha Plaxico Burress, mchezaji wa New York Giants, timu ya mpira wa Kimarekani, ambaye mnamo Novemba 2008 alijipiga risasi pajani katika klabu ya usiku mjini New York. Glock aliyoichomeka kiunoni bila holsta iliteleza, akajaribu kuidaka. Alihukumiwa kifungo cha miaka miwili kwa kosa la silaha.

Holsta ya bamba pana ni nyepesi kuvaa, lakini angalia mambo mawili. Bamba lisilo na kulabu ya kushika mshipi kwa chini linaweza kung'oka pamoja na bastola unapoichomoa. Pia kuna zenye kitufe cha kufungulia kinachobonyezwa na kidole cha shahada, kidole kile kile cha kufyatulia, na baadhi ya vyuo vya mafunzo Marekani vimezikataa kwa sababu kidole kinaendelea kubonyeza hata bastola inapotoka.

Kwa mahitaji yako ningechagua ya ndani yenye klipu, mradi klipu yenyewe iwe imara. Igeuze uitazame: ncha yake ya chini iwe na jino lililopinda kuelekea ndani, ili lijikite chini ya ukingo wa mshipi. Klipu iliyonyooka tu itakushika ukitembea, na siku ya kuchomoa itatoka na holsta yote mkononi.

Mkulima wa Arusha

Nakubaliana na Mwalimu kwa mengi, ila naomba klipu zisisifiwe peke yake. Mimi nabeba CZ 75 ya chuma, bastola ya kilo moja hivi kabla ya kujaza risasi, na klipu moja inauacha uzito huo ukiyumba. Holsta yangu ina vitanzi viwili vya ngozi vyenye vifungo vya kubofya. Navifungua, navivuta kutoka kwenye mshipi, na holsta inatoka na bastola yake bila mimi kuvua mshipi. Ni polepole kidogo kuliko klipu, lakini inakaa pale pale nilipoiweka hata nikishinda shambani nikipanda na kushuka trekta.

Kuhusu ngozi na Kydex, ngozi ni rafiki wa mwili, lakini hunywa jasho, na jasho la pwani lina chumvi itakayoanza kuuma chuma cha bastola usipoifuta kila jioni. Ngozi ikizeeka hulegea pale juu bastola inapoingilia, na mkunjo wake unaweza kuingia kwenye kikingio cha kifyatulio wakati wa kurudisha bastola. Ikifika hapo itupwe, hata kama ilikuwa ya bei ghali.

Dada wa Kiambu

Naomba niutetee mkanda wa tumboni kidogo, kwa kuwa wengi mnaojibu mnavaa suruali zenye mshipi. Mwanamke aliyevaa gauni au sketi hana pa kupachika klipu. Mkanda ninaoutumia umeshonewa ganda gumu la Kydex linalofunika kifyatulio chote, na ganda hilo linabanduka na bastola ikiwa ndani. Huo ni tofauti kabisa na mkanda mtupu. Joto lake silifichi: mchana wa jua kali unalowa, ndiyo maana ninao wa pili wa kubadilisha.

Mkoba wa mkononi siupendekezi kwa yeyote, hasa mama mwenye watoto wadogo, kwa sababu mkoba huwekwa kitini, huachwa mezani, na huwa kitu cha kwanza kunyakuliwa na mwizi.

Mkaazi wa Nyali

Nashukuruni sana. Nimeelekea kwenye ya ndani yenye klipu, ila nikiketi garini mdomo wa bastola hunichoma pajani, na mpini husukuma shati. Je, nihamie nyuma ya nyonga?

Mwalimu wa Shabaha

Nyuma kidogo ya nyonga, ikiinamishwa mbele nyuzi 15 hivi, huwafaa wengi wenye tumbo, kwa kuwa mpini hulala sambamba na mbavu. Usiipeleke katikati ya mgongo, maana ukianguka chali utaangukia chuma juu ya uti wa mgongo.

Ukipenda kubaki mbele, kwanza pandisha au shusha klipu kwenye matundu ya skrubu, kwa sababu sentimita moja tu hubadilisha mahali mdomo unapogusa paja. Kisha bandika kabari ya sponji upande wa mwili, karibu na mdomo. Inausukuma mdomo nje na kuulaza mpini ndani. Ziko pia zenye kibawa kidogo kinachokandamizwa na mshipi ili mpini uzungukie mwilini. Hayo yote hayafanyi kazi kwa mshipi laini. Tafuta mshipi mgumu wa milimita 38 hivi, na uhakikishe klipu imetengenezwa kwa upana huo huo.

Kabla ya kutoka nayo, toa magazini, kile kisanduku cha risasi, hakikisha chemba inamokaa risasi ya kufyatuliwa ni tupu kwa macho na kwa kidole, na risasi ziwe chumba kingine. Ipachike bastola kwenye holsta, uigeuze juu chini juu ya kitanda na kuitikisa: isianguke. Kisha vaa, uchomoe polepole mara nyingi, ukitazama kama klipu inapanda. Ikipanda hata kidogo, mrudishie muuzaji.