Mjadala: Kuta za Dar wapewe Tingatinga?

Mleta mada: Wakuu, kila ukuta wa jiji hili siku hizi ni tangazo la mtandao wa simu. Mimi nasema stendi, masoko na hospitali wakabidhiwe wachoraji wa Tingatinga (zile picha za wanyama za rangi kali) na wachongaji wa vinyago wa Mwenge, walipwe kwa kodi zetu. Hao ndio walioipa Dar sura. Mnaonaje?

Binti Kinondoni: Naunga mkono, ila wasitujazie twiga. Picha mia, twiga mmoja. Tingatinga ya leo ni fotokopi ya rangi.

Rangi Mbichi: Fotokopi? Dada, umewahi kushika brashi? Ile ni rangi ya mafuta ya kopo, ileile ya baiskeli na mageti. Unaanza na mandhari ya nyuma, njano unaiingiza kwenye nyekundu ikiwa bado mbichi, kisha unaiacha ilale. Ikikauka unaweka mnyama, unasubiri tena, ndipo uje na vidoa. Ukiharakisha kidoa kinatambaa, twiga anaota upele. Mashine gani ya fotokopi ina subira hiyo?

Binti Kinondoni: Sijasema kazi ni rahisi, nimesema twiga ni yuleyule. Hata zege linachelewa kukauka.

Mzee wa Upanga: Wanangu, taratibu. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alianza 1968 hivi, kwenye vibao vya hadibodi, picha zikauzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay. Akafa kwa ajali ya gari, 1970 kama sikosei.

Nanga: Shikamoo mzee. Si ajali, na si 1970. Ni 1972, polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu. Alichora miaka kama minne tu, wanafunzi wake ndio wakaendeleza.

Mzee wa Upanga: Marahaba. Basi hiyo minne imelisha watu wengi.

Kusini Oyee: Na mnaosema "sura ya Dar" mjue alikuwa mtu wa Tunduru! Wachongaji wa Mwenge wengi ni Wamakonde, wa Mtwara na wa ng'ambo ya Ruvuma. Dar imechangia nini, foleni?

Binti Kinondoni: Wewe unaandikia wapi hayo?

Kusini Oyee: Mbagala. Kwani?

Binti Kinondoni: Nimeuliza tu 😂

Mzaramo Halisi: Mkimaliza kugawana jiji mtujulishe na sisi wenye mashamba mliyojengea hizo kuta.

Mleta mada: Jamani, mimi nimeuliza habari ya kupaka rangi.

Nanga: Mzaramo ana hoja. Kuna Mmakonde aliyezaliwa Mwenge, akajifunza kuchonga mpingo palepale kwa baba yake. Huyo naye mnamrudisha Mtwara?

Kusini Oyee: Usinilishe maneno. Nimesema sifa iende inakostahili.

Rangi Mbichi: Narudi kwa dada wa fotokopi. Twiga anachorwa kwa sababu ananunuliwa. Zipo picha za hospitali, za mganga, za soko lililojaa watu kama sisimizi, zinakaa ukutani hadi zinashika vumbi. Nani kati yenu amewahi kununua hata moja akatundika sebuleni?

Binti Kinondoni: Bei zenu ni za dola.

Rangi Mbichi: Uliuliza kwa Kiingereza, nina uhakika.

Binti Kinondoni: Kijana, sina muda na wewe. Weka hapa hiyo picha ya hospitali tuione. Akionekana twiga hata dirishani, nimeshinda.